Kiwanja cha dola 300 kilichofutwa: kisa cha Bragg na wenye Second Life

Kila ukianza mjadala wa viwanja vya mtandaoni lazima atokee mtu aseme "mbona Marekani mahakama ilishaamua zamani, ukinunua ardhi humo ndani ni mali yako na kampuni haiwezi kukugusa", ukimuuliza kesi gani anakutajia ya Bragg. Hii kesi nimeisoma, siyo habari zake, hukumu yenyewe, na nakwambia haisemi hivyo hata kidogo. Ila ni kisa kitamu sana na kinafundisha kuliko hiyo hadithi ya mitaani, kwa hiyo leo nakipitia mwanzo mpaka mwisho.

Kwanza mahali penyewe. Second Life ni dunia ya mtandaoni iliyofunguliwa mwaka 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco, mwanzilishi wake Philip Rosedale. Watu huita gemu lakini hakuna kushinda wala kushindwa, unaingia na avata yako, yaani mtu wa kuchorwa anayekuwakilisha humo, unatembea, unapiga stori, unajenga, unauza nguo za avata, unafungua klabu, basi. Kuna hela ya humo ndani, Linden dola, unainunua kwa dola za kweli na ukiuza vitu unaweza kuibadilisha ikarudi kuwa dola za kweli, miaka ile ilikuwa inacheza kwenye mia mbili hamsini mpaka sabini hivi kwa dola moja ya Marekani. Na mwishoni mwa 2003 kampuni ikatangaza kitu ambacho kipindi hicho hakuna dunia nyingine kubwa ya mtandaoni iliyokuwa inakisema: unachokitengeneza humu haki zake ni zako. Baada ya hapo matangazo yakapamba moto, na kwenye ardhi ndiyo usiseme, ujumbe ulikuwa njoo ununue, umiliki, ujenge, uuze kwa faida. Neno walilolitumia lilikuwa kumiliki. Likumbuke hilo neno maana kesi yote imezaliwa hapo.

Sasa ardhi yenyewe ni nini? Hapa watu wengi wanaruka na mimi naona ndiyo penyewe. Eneo moja kamili la Second Life ni mraba wa mita 256 kwa 256, yaani mita za mraba 65,536, na nyuma yake kuna seva inaliendesha. Hilo eneo lina kikomo cha vitu unavyoweza kuweka, enzi hizo vipande 15,000 vya kujengea, watu wa humo wanaviita primu. Ukichukua kiwanja kidogo cha mita za mraba 512 unapata mgao wako wa primu, piga hesabu mwenyewe, ni 117. Kiti kizuri chenye mapambo kinaweza kukulia primu kumi, ukuta, ngazi, taa, bado hujaweka paa ushaanza kubana. Kwa hiyo ukisema nimenunua kiwanja, kwa lugha ya fundi umenunua kipande cha uwezo wa kompyuta ya mtu mwingine, umepewa fungu lako la kuhifadhi na kuendesha vitu. Na kila mwezi unalipia, eneo kamili la bara, yaani ardhi kuu ya humo ndani, lilikuwa dola 195 kwa mwezi, mwaka mzima 2,340, usipolipa linaondoka hata kama uliligharamia kiasi gani kulinunua. Mimi hapo tayari naona harufu ya kupanga siyo kununua, ila ukimwambia mtu aliyekwisha jenga jumba lake la ufukweni kwenye hizo primu atakuona mchawi.

Usidhani walionunua walikuwa wajinga lakini. Hela ilikuwepo kweli. Kuna mama mmoja anayejulikana kwa jina la avata yake, Anshe Chung, alianza na akaunti ya dola 9.95, akawa ananunua maeneo makubwa, anayapanga vizuri, anayakata viwanja viwanja anawapangisha au kuwauzia wengine, gazeti la BusinessWeek likamweka juu ya jalada mwezi Mei 2006, na Novemba mwaka huohuo akatangaza kwamba mali zake za humo zimefika thamani ya dola milioni moja. Dalali wa ardhi kabisa, tofauti ni kwamba ardhi haina udongo. Kwa hiyo ukisikia mtu anakimbilia minada ya viwanja 2006 usimcheke, alikuwa na mfano mbele ya macho.

Mmoja wa waliokimbilia ni Marc Bragg, na Bragg hakuwa mtoto wa kubofya bofya ovyo, alikuwa wakili, anafanya kazi Pennsylvania. Alijiunga 2005, humo ndani avata yake ikaitwa Marc Woebegone, neno lenye maana ya mtu aliyejaa huzuni, sijui alijitabiria au vipi. Akaanza kununua viwanja, analipa ile ada ya kila mwezi ambayo kwenye kesi yake yeye mwenyewe aliiita kodi ya ardhi, akatengeneza fataki za kidijitali akawa anawauzia avata wengine kwa faida, akanunua mpaka klabu ya usiku. Kwa ufupi alikuwa na biashara.

Aprili 2006 akapata kiwanja kimoja kinaitwa Taessot kwa dola 300. Kisha ikaja barua pepe ya kampuni. Taessot umeipata isivyo halali, umetumia mwanya kwenye mfumo, tunaichukua. Na hawakuishia kwenye Taessot, wakaifunga akaunti nzima. Yaani viwanja vyote vya zamani ambavyo hakuna aliyesema ana kosa navyo, Linden dola zilizokuwa kwenye akaunti, fataki, klabu, kila kitu kikabaki upande wa pili wa nenosiri ambalo halifungui tena. Ukijaribu kuingia unakataliwa, ndiyo imeisha hiyo, hakuna wa kumgongea mlango.

Huo mwanya wenyewe nao uelezwe maana wanaomshabikia Bragg huwa wanauruka. Ardhi mpya ilikuwa inauzwa na kampuni kwa mnada kwenye tovuti, kila mnada una namba yake, na namba ile inakaa kwenye anwani ya ukurasa pale juu kwenye brauza. Minada mingine inakuwa imeshaandaliwa kwenye mfumo lakini bado haijatangazwa, haionekani kwenye orodha. Sasa mtu akikaa akabadilisha zile tarakimu kwenye anwani mwenyewe, anaweka namba inayofuata, inayofuata, anaangukia kwenye ukurasa wa mnada ambao wengine hawajui hata kama upo, anaweka dau lake dogo, na kwa kuwa hana mshindani anashinda kwa bei ya chini sana kulinganisha na wanavyouziana wengine. Kampuni ikasema huo ni udukuzi. Upande wake Bragg hoja ilikuwa ukurasa mmeuweka nyie, mfumo wa mnada ni wenu, mmeupokea dau langu, mmechukua hela yangu, udukuzi uko wapi hapo.

Maoni yangu mimi? Wote wawili wana uchafu mikononi. Bragg alijua anachokifanya, mtu hawezi kukaa anabadilisha namba usiku halafu aseme alidhani ndiyo utaratibu wa kawaida, tena wakili. Lakini kampuni nayo ikiwa ina malalamiko juu ya Taessot, ichukue Taessot irudishe 300. Kubeba na vya miaka iliyopita ni kama mwenye duka anakushika na sabuni moja hujalipia halafu anakuja mpaka nyumbani kubeba makabati. Na ingekuwa ardhi ya kawaida angetakiwa kwenda mahakamani kwanza, humo ndani yeye ndiye mlalamikaji, ndiye polisi, ndiye hakimu, na ndiye mwenye swichi.

Bragg akashtaki Pennsylvania, mwezi Oktoba 2006, akaishtaki kampuni na akamshtaki Rosedale mwenyewe binafsi. Kesi ikahamishiwa mahakama ya shirikisho ya wilaya ya mashariki ya Pennsylvania, kwa jaji Eduardo Robreno. Linden nao hawakukaa kimya, wakamgeuzia kibao na madai yao ya kuchezea mfumo wa kompyuta. Ila kabla hata ya kugusa nani mwenye ardhi, wakaweka vizingiti viwili mlangoni. Cha kwanza, Rosedale akasema mimi niko California, Pennsylvania hainihusu. Cha pili, kampuni ikasema huyu bwana wakati anajiunga alibofya Nakubali, na kwenye vigezo na masharti imeandikwa mgogoro wowote unaenda kwenye usuluhishi San Francisco, siyo mahakamani. Hukumu maarufu ya tarehe 30 Mei 2007 ni ya hivyo vizingiti viwili tu. Rudia hapo tena. Viwili tu.

Cha Rosedale kilikwisha haraka kidogo. Jaji akaangalia yale mahojiano na matangazo, na zile shughuli alizokuwa anafanya Rosedale humo humo ndani ya Second Life avata wanakuja wanamsikiliza na kumuuliza maswali, akaona huyu hakuwa bosi aliyejificha ofisini, alikuwa ndiyo chambo kwenye ndoano, yeye binafsi ndiye aliyekuwa anawavuta watu wa nchi nzima waje wanunue kwa maneno ya umiliki, na mmoja wa waliovutwa ni huyu wa Pennsylvania. Kwa hiyo abaki kwenye kesi. Mimi hii sehemu naipenda kuliko zote, maana mabosi wa hizi biashara huwa wanapenda sana kipaza sauti, kumbe kipaza sauti nacho kina bili yake.

Kizingiti cha pili ndiyo chenye nyama. Kwa sheria ya California ambayo ndiyo iliyotumika, kipengele cha mkataba kinaweza kukataliwa kama kina dosari za aina mbili kwa pamoja, jinsi ulivyoingizwa na kile chenyewe kilivyo kibaya. Kwenye kuingizwa, jaji akasema huu ni mkataba wa chukua au acha. Ama unabofya ama huingii, hakuna sehemu ya kusema naomba tubadilishe kipengele cha saba. Kampuni ikajitetea kwamba huyu ni wakili, siyo mtu wa kuonewa. Jaji akajibu kwa akili sana, kwamba sawa ni wakili mzoefu, lakini hakupewa nafasi yoyote ya kuutumia huo uwakili wake kujadiliana. Wakasema basi angeenda kwa mshindani. Mshindani yupi, wakati mlikuwa mnajitangaza nyie ndiyo mnaotoa umiliki wa ardhi na wengine hawatoi? Tangazo lao wenyewe likawafunga. Halafu kile kipengele cha usuluhishi kilikuwa kimechimbiwa ndani kabisa chini ya kichwa cha habari kinachosomeka kama mambo ya jumla, na gharama za huo usuluhishi hazikuandikwa popote.

Kwenye ubaya wa chenyewe sasa. Usuluhishi ulitakiwa uende kwa kanuni za Chemba ya Kimataifa ya Biashara, wasuluhishi watatu, gharama mnagawana, na ni San Francisco. Wasuluhishi watatu wa kimataifa kwa ajili ya mtu aliyefungiwa akaunti! Utatumia maelfu ya dola kabla hujasema neno la kwanza. Juu ya hapo mambo yote yawe siri, ina maana kampuni inakusanya uzoefu kwa kila mgogoro inaoupitia ila wewe unayekuja wa hamsini hujui waliokutangulia waliishia wapi. Na la mwisho ndilo linalouma: kampuni yenyewe haihitaji kwenda kwenye usuluhishi wowote, kwa sababu masharti yanaipa ruhusa ya kufunga akaunti wakati wowote kwa sababu yoyote au bila sababu, na kubadilisha masharti yenyewe inapotaka. Ikikudai wewe inabonyeza kitufe inajilipa, ukiidai wewe unapanda ndege. Jaji akasema hapana, kipengele hicho hakifanyi kazi, kesi iendelee mahakamani.

Basi. Ndiyo hukumu yote hiyo. Hakuna mahali aliposema Taessot ni ya Bragg, hakuna aliposema ardhi ya mtandaoni ni mali kama nyumba, hakusema kubadilisha namba kwenye anwani ni halali wala siyo halali. Alisema tu tutasikiliza hapa. Hayo mengine yalikuwa yaje mbele, na hayakuja, kwa sababu Oktoba 2007 pande mbili wakapatana nje ya mahakama, masharti ni siri, kilichotangazwa ni kwamba Marc Woebegone amerudishiwa akaunti yake na haki zake na wajibu wake kama zamani. Kwa wakili anayetafuta jibu la swali la umiliki hiyo ni kama kuangalia mechi umeme ukakatika dakika ya themanini.

Kampuni nayo ikajifunza, ila siyo kile ambacho wengi walikitarajia. Mwaka huohuo 2007 ikabadilisha kipengele cha usuluhishi, sasa madai ya chini ya dola 10,000 unaweza kusuluhishwa bila kusafiri, kwa simu au mtandao, makubwa zaidi yanaenda mahakama za San Francisco. Na maneno ya ardhi nayo yakaanza kubadilika taratibu, kumiliki kukapungua, leseni ikaongezeka. Hapo ndipo kukaja kesi ya pili, ya Evans na wenzake, 2010, watu waliofungiwa akaunti na wakapoteza ardhi na vitu, mahakama ileile ya Pennsylvania na jaji yuleyule Robreno. Wengi wakadhani ushindi umeshapikwa. Mwaka 2011 jaji akawaambia haya masharti mapya siyo yale ya Bragg, ubaya ule umetolewa, nendeni California mliposaini kwenda. Huko kesi ikatembea, mwishoni mwa 2012 mahakama ikaruhusu sehemu ya walalamikaji washtaki kama kundi, halafu nayo ikaishia kwa makubaliano. Swali la nani mwenye ardhi likarudi tena kabatini.

Ndiyo maana nikisikia mtu anaitumia Bragg kama hati ya kiwanja huwa nashangaa. Ukiisoma vizuri faida kubwa ya ile hukumu waliipata wanasheria wa makampuni, walionyeshwa kwa kalamu ya jaji sehemu zipi za masharti zirekebishwe ili siku nyingine yasimame. Watumiaji walichopata ni kimoja ila siyo kidogo, kwamba ukitangaza umiliki kwenye vyombo vya habari huku kwenye maandishi madogo unaandika kinyume chake, yale matangazo yatasomwa mbele ya jaji.

Najua kuna anayesubiri kuniambia hayo ni ya kale, siku hizi kuna blokucheini, yaani daftari la mtandaoni lisiloshikwa na mtu mmoja, kiwanja ni tokeni, alama ya umiliki iliyoandikwa kwenye hilo daftari, inakaa kwenye pochi yako ya kidijitali, hakuna kampuni ya kukunyang'anya. Haya tuirudishe Taessot humo tuone. Decentraland, dunia ya mtandaoni ya blokucheini iliyofunguliwa kwa umma Februari 2020, ina viwanja 90,601, kila kimoja mita 16 kwa 16. Novemba 2021 kampuni moja ilinunua viwanja 116 kwa MANA 618,000, hiyo ndiyo hela ya humo, wakati huo kama dola milioni 2.4. Zidisha, ni mita za mraba 29,696, haifiki hata nusu ya eneo moja la Second Life lile la dola 195 kwa mwezi. Sasa Bragg angeshinda mnada wenye hitilafu kwenye mfumo kama huo, tokeni ikaingia kwenye pochi yake, kweli hakuna ambaye angeitoa, muuzaji angelia na kosa lake mwenyewe. Ila kwa utaratibu huohuo mtu akiiba funguo zako za pochi na yeye haguswi, viwanja vinahama usiku unaamka unaona vimeenda na hakuna hata ile kampuni ya kuishtaki Pennsylvania. Na tokeni inachokubakishia ni namba za mahali kwenye ramani tu. Jengo, mlango, ile picha unayoiona ukiingia, inaletwa na programu na seva ambazo lazima kuna mtu anaziendesha na kuzilipia. Wakichoka kulipa, namba zako mbili za kwenye ramani bado unazo.